Skwati kabla ya mikono: kisa cha karani wa Tudor aliyefukuza homoni

Daftari ni la mistari, la aina wanayonunuliwa watoto wa shule, na kurasa zake za katikati zimekunjamana kwa jasho. Mwenyewe ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, umri miaka 27, uzani kilo 68. Kwa miezi 7 aliandika humo kila seti aliyoinua, uzito wake, marudio yake, na hata sekunde alizopumzika. Ndiyo maana nimekichagua kisa chake. Wengi wanaolalamika kwamba misuli imegoma huja na maneno matupu. Huyu alikuja na hesabu.

Lalamiko lilikuwa moja: mikono haikui. Tepu ya fundi cherehani ilisoma sentimita 32 mwezi wa kwanza, na mwezi wa saba ikasoma 32 na nusu, tofauti ambayo hata kulegeza tepu kidogo huileta. Wakati huohuo suruali zake za kazini zilianza kumbana mapajani, akazipeleka kwa fundi zikapanuliwe. Hilo alinitajia kwa kupitia tu, kama kero ya gharama. Mimi nililiandika juu kabisa ya karatasi yangu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Jioni nne kwa wiki, akishuka matatu Tudor, aliingia jimu ya mtaani, chumba kimoja chenye feni mbili zinazozungusha joto lilelile. Kila jioni, hata siku aliyoiita ya mikono, alifungua kwa skwati, kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani: seti 6 za marudio 10, akipumzika sekunde 45 baina ya seti. Kisha alilala benchi na kusukuma chuma, tena kwa mapumziko ya sekunde 45. Hapo ndipo, pumzi zikiwa juu juu na mikono inatetemeka, alipozichukua dambeli, vile vyuma vifupi vya mkononi. Simu ikilia kuonyesha dakika 45 zimetimia, alifunga kazi hata kama seti mbili zimebaki, akatoka mbio hadi kwa muuza juisi ya miwa.

Kila hatua ilikuwa na hoja, na hoja zote ziliishia kwenye homoni. Skwati, alielezwa, humwaga testosteroni, homoni ya kiume, na homoni ya ukuaji kwenye damu. Pumziko fupi huzidisha mmwago huo. Mkono ukifanya kazi damu ikiwa bado imejaa, hufaidi. Baada ya dakika 45 kotisoli, homoni ya msongo, hupanda na kuanza kuila misuli, na sukari ya miwa ndiyo ya kuizima. Kocha wake alimfundisha hivyo kwa nia njema, naye alifundishwa hivyo na waliomtangulia.

Swali aliloniuliza lilikuwa la mtu anayetumia akili yake: "Mwalimu, damu si yazunguka mwili mzima? Basi homoni zikitolewa na kazi ya miguu, mkono nao si wapata fungu lake?"

Wapata, nikamwambia. Hapo hujakosea. Linalobaki ni kama fungu hilo lina kazi yoyote linapofika.

Dhana hii ilivyozaliwa

Si vyema kumcheka kocha. Dhana ina mizizi katika maabara. Mwaka 1990 William Kraemer na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya damu za watu waliofanya mazoezi ya kuinua vyuma kwa mitindo tofauti, wakaonyesha kwamba mtindo wa marudio 10 kwa pumziko la dakika moja huipandisha homoni ya ukuaji kuliko mtindo wa uzito mkubwa, marudio machache na mapumziko marefu. Matokeo hayo ni ya kweli na yamerudiwa mara nyingi. Misuli mikubwa ikifanyishwa kazi, hasa mapaja na mgongo, testosteroni, homoni ya ukuaji na kotisoli zote hupanda, kisha kwa kawaida hurejea zilikokuwa katika muda usiozidi saa moja hivi.

Shida iko kwenye hatua iliyofuata. Watu waliona kwamba wajenga mwili wengi hufanya marudio 8 hadi 12 kwa mapumziko mafupi. Wakaona kwamba mtindo huo hupandisha homoni. Wakaunganisha mambo mawili yaliyotokea pamoja na kulifanya moja kuwa sababu ya jingine. Kwa karibu miaka 20 vitabu vya mazoezi viliandika hivyo, na ni wachache waliojaribu kuitenga homoni peke yake ili waone kama, ikiondolewa, msuli utakosa kitu.

Mikono miwili ya mtu mmoja

Miongoni mwa waliofanya hivyo ni kundi la Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakiwemo Daniel West na Stuart Phillips. Jaribio lao la mwaka 2010 ni la kupendeza kwa urahisi wake, na kwa kuwa laligusa swali la karani wetu karibu neno kwa neno, nitakaa nalo.

Walichukua vijana 12 wa kiume. Kila mmoja alifanyisha mkono wake mmoja mazoezi ya kukunja siku moja, peke yake, bila kazi nyingine, homoni hazikusogea. Siku nyingine akafanyisha mkono wa pili mazoezi yaleyale, kisha papo hapo akafanya kazi nzito ya miguu, na homoni zikapanda. Wakaendelea hivyo kwa wiki 15. Mtu ni yuleyule, chakula kilekile, usingizi uleule, urithi wa wazazi uleule. Kilichotofautiana ni kwamba mkono mmoja ulioga homoni kila ulipomaliza kazi, na wa pili haukuoga.

Upana wa msuli uliongezeka kwa asilimia 12 kwa mkono usiopata homoni, na asilimia 10 kwa ule uliopata. Kitakwimu mikono hiyo ni sawa. Nguvu nazo zilipanda sambamba. Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limepima kasi ambayo msuli wa mkono hutengeneza protini mpya katika saa zinazofuata mazoezi, na huko nako homoni hazikuongeza chochote.

Karani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikamata. "Lakini wao miguu waliifanya baadaye. Mimi huianza."

Ni pingamizi halali, na kuna utafiti unaolibeba. Mwaka 2011 Bent Rønnestad na wenzake nchini Norway walifanya jaribio la aina hiyo la wiki 11, ila miguu ikatangulia mikono. Mkono uliofuata kazi ya miguu ulipata nguvu zaidi, na katika sehemu fulani ya msuli ukaonyesha unene zaidi. Watetezi wake wanasema mpangilio ndio siri: ukimaliza na miguu, damu inakimbilia mapajani pamoja na homoni zake, ukianza na miguu, mkono unazipokea ukiwa kazini.

Sitaficha kwamba matokeo hayo yapo, na anayekuambia jambo limefungwa kabisa anakuharakisha. Lakini washiriki walikuwa wachache mno, na faida ya unene haikuonekana katika kila kipande cha mkono kilichopimwa. Kisha zipo tafiti kubwa zaidi zilizouliza kwa njia nyingine. Mwaka 2012 West na Phillips waliwafuatilia vijana 56 kwa wiki 12 na kulinganisha kiasi ambacho homoni za kila mmoja zilipanda baada ya mazoezi na kiasi alichojenga. Testosteroni haikuhusiana na ukuaji. IGF-1, ambayo huambatana na homoni ya ukuaji, haikuhusiana pia. Homoni ya ukuaji ilikuwa na uhusiano dhaifu na unene wa nyuzi za misuli. Na mwaka 2016 Robert Morton na wenzake, hukohuko McMaster, walirudia mtazamo huo kwa wanaume 49 waliokwisha kuzoea vyuma. Kundi moja liliinua uzito mwepesi kwa marudio 20 hadi 25, jingine uzito mkubwa kwa marudio 8 hadi 12. Yote mawili yalikua sawa, na homoni za baada ya mazoezi hazikutabiri nani atakua.

Nikiweka haya yote kwenye mizani, jaribio la Norway linabaki upande mwepesi.

Kotisoli nayo ilikuwa na kioja chake katika wale vijana 56. Ilikuwa na uhusiano na ukuaji, lakini kwa upande usiotarajiwa: waliopanda kotisoli zaidi ndio waliojenga zaidi kidogo. Uhusiano ulikuwa mdogo, ukieleza kati ya asilimia 8 na 12 tu ya tofauti baina ya mtu na mtu, na simwambii mtu aifukuze kotisoli kama alivyofukuza testosteroni. Yaelekea ni alama tu ya kwamba mtu alijituma. Kazi ya kotisoli na homoni ya ukuaji wakati wa mazoezi ni kufungua ghala la nishati, mafuta na sukari, ili misuli ipate cha kuchoma. Karani alikuwa akiikimbia homoni ambayo ilikuwa ikimtumikia, na kila ilipofika dakika ya 45 aliacha seti zilezile za mikono alizokuja kuzifanya.

Juisi ya miwa sikumkataza, tamu ni tamu. Ila kama dawa ya kujenga misuli haina kazi ya ziada: mwaka 2011 kundi la McMaster lilionyesha kwamba kuongeza gramu 50 za wanga juu ya gramu 25 za protini hakukuongeza utengenezaji wa protini ya misuli baada ya mazoezi.

Suruali na dambeli

Sasa turudi kwenye daftari, maana ndipo kisa kilipojifungua chenyewe.

Skwati mwezi wa kwanza: kilo 50. Mwezi wa saba: kilo 75, marudio yaleyale. Dambeli mwezi wa kwanza: kilo 12.5, marudio 10, 9, 8. Mwezi wa saba: kilo zilezile 12.5, marudio 9, 7, 5, na katika jioni nyingi seti ya tatu haimo kwa sababu simu ililia.

Mapaja yalipewa kazi yakiwa mabichi, yakaongezewa uzito mwezi hata mwezi, yakakua. Mikono ilipewa kazi ikiwa mwisho wa foleni, imechoka, haijapewa pumzi, haikuongezewa hata nusu kilo, ikabaki ilivyo. Homoni zilikuwa zilezile, katika damu ileile, jioni ileile. Kama zingekuwa ndizo fundi, zingejenga kote zinakopita. Zilipita mkononi mwake mara nne kwa wiki kwa miezi 7 na hazikuacha kitu.

Anayetaka ushahidi usio na maabara apite Marikiti asubuhi awatazame hamali wa mikokoteni. Kazi yao ni ya mwili mzima na ya jasho jingi, lakini miili yao imechorwa na mzigo: imejaa pale mzigo unapokaa na pale mguu unaposukuma, na si kila mahali kwa usawa.

Sababu yake inajulikana vizuri. Uzi wa msuli ukivutwa kwa nguvu kubwa, wenyewe huhisi mvuto huo, na ndani yake huanza mnyororo wa ishara, maarufu ukiwa ule unaopitia kwenye protini iitwayo mTOR, unaoamuru protini mpya itengenezwe. Amri hutoka ndani ya msuli uliofanya kazi na haitoki nje yake. Huendelea kwa siku nzima au mbili, muda mrefu baada ya homoni za baada ya skwati kutulia. Wale wanaume 49 wa Morton walipochunguzwa zaidi, ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba waliokua sana walikuwa na vipokezi vingi zaidi vya testosteroni ndani ya misuli yao kuliko waliokua kidogo, ilhali homoni kwenye damu zao hazikutofautiana. Hata pale testosteroni inapohusika, basi, mlango una uzito kuliko mgeni anayepita barabarani.

Pumziko la sekunde 45 lilikuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, akiwemo James McKendry, waliwalinganisha wanaume waliopumzika dakika 1 baina ya seti za miguu na waliopumzika dakika 5. Testosteroni ilipanda zaidi kwa wa dakika 1. Utengenezaji wa protini ya misuli katika saa 4 za mwanzo ulipanda kwa asilimia 76 kwa hao, na kwa asilimia 152 kwa waliopumzika dakika 5. Homoni juu, ujenzi chini. Mwaka huohuo Brad Schoenfeld na wenzake waliwafuata wanaume 21 kwa wiki 8, dakika 3 dhidi ya dakika 1, na waliopumzika zaidi wakatoka na nguvu zaidi na mapaja manene zaidi. Si ajabu: anayepumzika hurudi kwenye seti akiwa na nguvu ya kuinua kitu.

Kulikuwa na jambo jingine karibu zaidi na nyumbani. Dada yake karani hufanya mazoezi jimu hiyohiyo, saa za asubuhi za wanawake, na kwa miezi hiyohiyo dambeli zake zilitoka kilo 4 hadi 7. Kaka mtu alilichukulia kama mzaha wa kaya. Mimi nililichukulia kama hoja. Mwaka 2012 kundi la McMaster liliwalinganisha wanaume 8 na wanawake 8 baada ya zoezi zito la miguu. Mwitikio wa testosteroni kwa wanaume ulikuwa mara 45 ya ule wa wanawake. Kasi ya kutengeneza protini ya misuli ilikuwa sawa. Wanawake huanza na misuli midogo, lakini kwa uwiano wa walikoanzia hukua karibu sawa na wanaume, na hakuna skwati inayoweza kumwagia damu yao kiasi kile cha testosteroni. Nilimwambia, "Dadako hana hizo homoni unazozifukuza, na dambeli zake zimekaribia maradufu." Alicheka kidogo, kisha akanyamaza akilipekua daftari.

Sindano

Hadi hapa kisa ni cha muda uliopotea, hasara ya kawaida. Kilichonifanya nikitazame kwa makini zaidi ni kilichotokea mwezi wa sita.

Mikono ilipogoma, alikwenda maabara kupima testosteroni. Alikwenda saa mbili usiku, akitoka jimu. Jibu likawa nanomoli 12 kwa lita. Mmoja wa wakongwe wa pale jimu akaliangalia karatasi na kumwambia mafuta yamekwisha, na kwamba anamjua mtu wa kumpatia sindano, "kidogo tu, mwanangu, ya kuanzia".

Kwanza kipimo chenyewe. Kwa wanaume wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene, kiwango cha kawaida kilichokubaliwa katika uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 ni kati ya nanomoli 9.2 na 31.8. Alikuwa ndani. Halafu testosteroni ya kijana huwa juu asubuhi na kushuka jioni, kwa hiyo madaktari hupima asubuhi mapema, na jibu likitia shaka hurudia siku nyingine kabla ya kusema neno. Nilimwomba arudie asubuhi, kabla ya kula na bila mazoezi. Likaja 19.

Pili hoja ya sindano, ambayo ndiyo inayowapoteza vijana wengi, na inakwenda pande mbili. Wengine husema: sindano hujenga misuli, kila mtu anaona, kwa hiyo testosteroni ya baada ya skwati lazima nayo ijenge. Wengine, wakishaambiwa kwamba ya skwati haijengi, husema: basi homoni ni porojo. Zote mbili si kweli. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake Marekani waliwapa wanaume miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10. Waliopata dawa pamoja na mazoezi waliongeza kilo 6.1 za mwili usio mafuta. Waliopata dawa bila kuinua chochote waliongeza kama kilo 3. Waliofanya mazoezi bila dawa kama 2. Kwa upande wa pili, mwaka 2006 Thue Kvorning na wenzake nchini Denmark waliizima testosteroni ya vijana kwa dawa huku wakifanya mazoezi kwa wiki 8, na vijana hao wakajenga kidogo kuliko wenzao. Homoni ina uzito, tena mkubwa. Ila uzito huo ni wa kiwango kinachokaa mwilini mchana na usiku, wiki baada ya wiki.

Fikiria maji ya Likoni. Yanajaa na kupwa kila siku, na huo ndio mwendo unaoamua chombo kipite au kikwame. Kile kinachopanda baada ya skwati ni wimbi la feri inayovuka: unaliona, linakulowesha miguu ukisimama karibu, na kina cha mlango hakibadiliki. Sindano ya miligramu 600 kwa wiki ni kama bahari yenyewe kupandishwa na kuachwa juu.

Tena sehemu ya wimbi hilo ni maji tu. Mtu akifanya kazi nzito, maji hutoka kwenye damu kwenda kwenye misuli na kwenye jasho, na kilichobaki huonekana kizito zaidi kwenye kipimo bila mwili kutengeneza hata tone jipya. Katika joto la Mombasa mwezi wa Machi, sitashangaa sehemu hiyo ikiwa kubwa.

Na bahari iliyopandishwa kwa sindano ina gharama. Mwili ukipata testosteroni ya nje husimamisha yake. Korodani husinyaa, mbegu hupungua au hukoma, lehemu (kolesteroli) nzuri hushuka, moyo huelemewa, na anayeacha ghafla hukaa miezi akiwa chini ya alipoanzia. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa mgonjwa aliyethibitishwa. Kichupa cha mkononi kwa mkono, kisicho na maandishi ya kuaminika, kina hatari nyingine juu ya hizo, maana hakuna ajuaye kilichomo. Karani anatarajia kuoa mwaka ujao. Nilimtajia habari ya mbegu bila kuizunguka, na hakulitaja tena jina la yule mtu.

Kuna na wale wanaouziwa homoni ya ukuaji yenyewe. Mwaka 1992 Kevin Yarasheski na wenzake waliwadunga vijana homoni hiyo huku wakifanya mazoezi kwa wiki 12. Uzani usio mafuta uliongezeka, lakini misuli ya mapaja haikunenepa wala kupata nguvu kuliko ya wasiodungwa. Baadaye ilionekana kwamba inachochea zaidi kolajeni, nyuzi za kano na za kushikilia misuli. Kama sindano nzima haikunenepesha msuli, kile kijipando cha dakika kadhaa baada ya seti za haraka sikioni kitafanya nini.

Tulichobadilisha

Mikono ilitangulia, siku mbili kwa wiki, ikiwa mibichi. Skwati zikahamishiwa siku zake. Pumziko likawa dakika 2 hadi 3, na kengele ya dakika 45 ikafutwa. Sharti likawa kwamba seti 3 za dambeli zikitimia marudio 12 zote, uzito unaongezwa siku inayofuata, hata kama ni kidogo.

Chakula kilihitaji kazi zaidi kuliko nilivyodhani. Uchambuzi uliokusanya tafiti 49, uliochapishwa mwaka 2018, uliona faida ya protini kwa wanaoinua vyuma ikifikia ukomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwake ni gramu 109 hivi. Asubuhi alikuwa akila mahamri na mbaazi, mchana viazi karai kazini, usiku wali na mchuzi wenye nyama ya kuhesabu. Tukiwa wakarimu, ilikuwa nusu ya kiasi hicho. Mahamri sikuyagusa, mtu wa Mombasa hutengwi na mahamri yake, ila bakuli la mbaazi lilikuzwa na mayai matatu yakaongezwa. Mchana kipande cha jodari, ambacho kikiwa gramu 150 baada ya kupikwa kina gramu 40 na zaidi za protini. Usiku maziwa na maharage au nyama. Hakununua mkebe wa unga wa protini, na hakuuhitaji.

Ramadhani ilituingilia katikati. Mwaka uliopita alikuwa ameacha kabisa mwezi mzima kwa kuhofia kotisoli ya saumu. Safari hii alifanya siku mbili kwa wiki baada ya tarawehe, seti chache, uzito uleule, na uzito haukushuka.

Baada ya miezi 4 tepu ilisoma sentimita 34, na dambeli zilikuwa kilo 17.5. Skwati, kwa siku zake mbili, zilifika kilo 85.

Msomaji makini ataona tatizo, na afadhali nilitaje mwenyewe. Tulibadilisha mpangilio, mapumziko, uzito, idadi ya seti na chakula kwa wakati mmoja. Kisa hiki hakiwezi kusema ni lipi kati ya hayo lililoleta sentimita moja na nusu, na nadhani protini na nyongeza ya uzito zina fungu kubwa. Karani, kwa ile akili yake ya mahesabu, alipendekeza tufanye jaribio la McMaster papohapo Tudor: mkono wa kulia baada ya skwati, wa kushoto bila skwati. Nilikataa. Mtu mmoja na tepu ya fundi cherehani hawathibitishi tofauti ndogo kiasi hicho, na alichokuwa akikitaka tangu mwanzo ni mikono, hakutaka karatasi ya kuchapisha. Ila linalosemwa na daftari lake la mwanzo halihitaji jaribio: miezi 7 ya homoni bila mzigo unaoongezeka, na msuli haukusogea.

Kocha wake bado huwaanzisha wageni kwa skwati, na sina ugomvi naye. Mgeni mwenye saa moja na misuli yote dhaifu hapotezi kitu akianza na miguu, na pengine anapata. Tulizungumza naye mara moja, nje ya jimu, juu ya lile pumziko la sekunde 45. Alisema vijana wakipewa dakika 3 huzimalizia kwenye simu, na jimu ikijaa jioni hakuna benchi ya kungojewa. Hoja hiyo ya pili sikuwa na jibu lake. Tukakubaliana juu ya dakika 2, na wawili wabadilishane dambeli, mmoja akiinua mwingine akipumzika.

Karani sasa amekwama tena kwenye kilo 17.5, jambo la kawaida kwa aliyefika hapo. Wiki hii tunaongeza seti moja kwa kila siku ya mikono na kuangalia kama viwiko vitalalamika.